Kadi Nzima, Kompyuta Nzima, na Neno "Mbovu"



Wiki hii tumeona tuyaweke kando mazungumzo ya malezi tuliyokuwa nayo, ili tujibu swali ambalo makatibu wenzetu wa misikiti na walimu wa madrasa hawaachi kutuuliza. Kompyuta ya msaada imefika, ikanunuliwa kadi ya kuiongezea uwezo, kadi ikafungwa, na kadi haifanyi kazi. Je, alaumiwe nani, muuzaji au fundi? Tutajibu kwa kisa chetu wenyewe cha hapa Chiwata, nacho hatukisimulii kwa kujisifu, kwani ndani yake tulimsingizia mtu jambo asilolifanya.

Msikiti wetu una shamba la mikorosho lililowekwa waqfu na mmoja wa wazee wetu waliotangulia mbele ya haki. Kila msimu, baada ya minada na malipo ya chama cha msingi, mapato yake huingia katika hesabu ya madrasa. Hesabu hiyo iliandikwa katika daftari miaka yote, mpaka kijana wetu mmoja aliyeko Dar es Salaam alipotuletea kompyuta ya mezani iliyokwisha tumika ofisini, ile ya umbo jembamba, pamoja na skana ya zamani. Tukaipokea kwa shukrani. Ilikuja na Windows 7, nasi hatukuona sababu ya kuigusa. Mweka hazina wetu, mzee mwenye mwandiko mzuri kuliko sisi sote, alijifunza kujaza majedwali kwa muda wa miezi mitatu, na hati ya shamba pamoja na vyeti vya ndoa tukaviingiza kwa skana.

Upungufu ukawa mmoja. Watoto wa Chiwata walioko mjini, ambao ndio wachangiaji wetu wakubwa, walitaka taarifa ya waqfu iwafikie kabla ya mkutano mkuu, na kompyuta ile haikuwa na njia ya kupokea mtandao usiotumia waya. Kamati ikapitisha kununua kadi ya Wi-Fi ya kufungwa ndani. Tukampigia simu mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo tuliyeelekezwa, tukamwambia tunataka kadi nzuri ya Wi-Fi ya kompyuta ya mezani. Hatukusema zaidi ya hayo. Fedha zikatumwa, mzigo ukapanda basi, na baada ya siku mbili tukaupokea Masasi mjini.

Hapa msomaji astahamili kidogo, maana tunaingia ndani ya kompyuta.

Tulichomoa waya wa umeme, tukabonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, tukagusa chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote kingine. Hayo tuliyafanya vizuri. Tulipofungua kifuniko tukakuta vumbi letu jekundu limelala juu ya feni kama unga, tukalipangusa kwa brashi laini. Kisha ikajitokeza shida ya kwanza: bamba la chuma la nyuma ya kadi lilikuwa refu kuliko kasha. Kadi za aina hii huja na bamba refu la sentimita 12 hivi kwa makasha mapana, na lile fupi la karibu sentimita 8 kwa makasha membamba. Mwenzetu mmoja alikwisha shika koleo akitaka kulikata, ndipo mwalimu wa madrasa alipotikisa boksi na bamba fupi likaanguka mezani, limefungwa katika mfuko wake. Skurubu mbili, kazi ikaisha.

Shida ya pili ilikuwa nafasi. Madabodi yetu ilikuwa na sloti mbili, moja fupi na moja ndefu. Ile fupi ilikaliwa na kadi ya printa ya kizamani, yenye tundu pana la pini 25, ambayo ofisi ya mwanzo iliitumia na sisi hatujawahi kuitumia hata siku moja. Kadi yetu mpya ni ya sloti fupi, lakini kwa kanuni za sloti hizi za PCI Express, kadi fupi huweza kukaa katika sloti ndefu bila madhara. Tukaiweka katika ndefu, tukawasha, na kioo kikabaki cheusi. Feni inazunguka, taa inawaka, kioo kimya.

Mzee wetu mweka hazina akasema neno moja tu: "Hesabu." Tukaelewa. Hesabu zote za waqfu wa miaka miwili zilikuwa ndani ya mashine ile, na nakala ya flashi ilikuwa ya miezi mitano nyuma.

Tulizima, tukaitoa kadi, tukawasha tena. Kioo kikarudi, hesabu zikaonekana, nasi kabla ya kufanya jambo lolote tukanakili kila kitu katika flashi mbili na kuchapa kurasa za mwisho kwa karatasi. Tunakiri kwamba hilo lilistahili kuwa la kwanza. Suratul-Baqarah, aya ya 282, imetuagiza kuandika madeni na kuyawekea mashahidi, na nakala ya pili ya hesabu ya waqfu tunaihesabu kuwa katika mlango huo huo.

Kwa nini kioo kilizimika? Tulimuuliza fundi wa Masasi, naye akatufahamisha jambo ambalo tunaona lina faida kwa wengi. Katika baadhi ya kompyuta za miaka ile, sloti ndefu ilikusudiwa kadi ya picha peke yake. Madabodi ikiona kitu chochote kimekaa pale, hudhani imeletewa kadi ya picha, ikaizima ile picha yake ya ndani na kumwachia mgeni kazi ya kuonyesha. Mgeni wetu alikuwa wa Wi-Fi na hajui kuonyesha picha. Hivyo hapakuwa na kilichoungua. Tuliiondoa kadi ya printa isiyo na kazi, tukaiweka ya Wi-Fi katika sloti fupi, na kioo kikawaka kama kawaida.

Huo ndio mgongano wa vifaa, na si jambo jipya. Kompyuta ndogo ya IBM iliyotoka mwaka 1981, na ile iliyoifuata mwaka 1984, ndizo zilizoweka desturi hii. Kila kifaa kinapotaka prosesa ikisikilize, hupiga hodi, na milango ya kupigia hodi katika mashine za mwaka 1984 ilikuwa 16 tu, mingi yake ikiwa na wenyewe: saa, kibodi, diski. Kadi ya sauti ilizoea mlango wa 5 au wa 7, na printa nayo ilikuwa na desturi ya kukaa katika ule wa 7. Wawili wakipiga hodi mlango mmoja, mwenye nyumba hajui amfungulie nani, na mashine nzima huganda. Mafundi wa zama hizo walihamisha vijipande vidogo vya kuunganisha pini juu ya kadi, mmoja mmoja, wakiandika katika karatasi nani amepewa mlango gani. Sisi wa uwanda huu wa Makonde, ambao mama zetu wamepanga ndoo katika foleni ya maji tangu alfajiri, hatuhitaji kufafanuliwa sana kinachotokea mabomba yakiwa machache na wenye kiu wengi.

Baadaye mambo yakalainika. Mfumo wa PCI ulioanza mwaka 1992 uliruhusu kadi mbili kushiriki mlango mmoja kwa adabu, Windows 95 ikaanza kugawa milango yenyewe, na PCI Express ya leo huweza kutuma ujumbe badala ya kugonga mlango. Kwa hiyo leo ukiona kadi haifanyi kazi, mgongano wa milango si wa kushukiwa kwanza. Anayestahili kushukiwa kwanza ni programu, na hapo ndipo tulipoteleza.

Windows ilipofunguka, orodha ya vifaa iitwayo Device Manager ilionyesha alama ya njano na namba 28. Namba hizo zina maana, nasi tunashangaa watu wengi huzipita kama mapambo. Namba 28 ni kusema kiendeshi hakijawekwa, yaani ile programu ndogo inayoufundisha mfumo endeshi kuzungumza na kadi, ambayo mafundi huiita draiva. Namba 10 ni kusema kifaa kimeshindwa kuanza. Namba 12 ndiyo ya mgongano wenyewe, kwamba nafasi haikutosha. Namba 43 ni kifaa kilichosimamishwa kwa sababu chenyewe kimetoa taarifa ya hitilafu. Sisi tulipewa 28, maana yake tafuteni kiendeshi, si zaidi. Tukakitafuta kwa pupa. Kijana mmoja akaleta kutoka kwa rafiki yake flashi yenye viendeshi vya kila namna, tukalazimisha kimoja kilichofanana jina, na namba 28 ikageuka kuwa 10. Flashi ya namna hiyo haifai kuingizwa katika mashine yenye mali za watu, na tunaomba msituige.

Usiku ule kamati ilikutana baada ya Isha. Kauli zikawa nyingi. Mjumbe mmoja mwenye simu mkononi akasema jambo hili ni jepesi, akampigia muuzaji pale pale, akamwambia: "Ndugu yangu, kadi uliyotuletea ni mbovu. Huu ni mali ya msikiti, tunaomba ubadilishe." Muuzaji akajibu kwa upole kwamba tuirudishe, atatupa nyingine. Baraza zima likashusha pumzi.

Sisi tulioshika kalamu tuliliandika katika kumbukumbu za kikao: kadi mbovu, itarudishwa. Tuliandika bila kuuliza. Ni asubuhi tu, tulipokuwa tukiifunga kadi katika boksi lake, tukasoma ubavuni kwa herufi ndogo kwamba ni ya Windows 10 ya biti 64. Chipu yake ni Intel AX200, na watengenezaji wameeleza wazi kwamba inataka mfumo huo, au Linux yenye kiini cha toleo la 5.1 kwenda mbele. Yetu ilikuwa Windows 7, tena ya biti 32. Kiendeshi cha biti 64 hakiingii katika mfumo wa biti 32, wala kinyume chake. Kadi ilikuwa nzima, kompyuta nayo ilikuwa nzima. Neno "mbovu" ndilo lililokuwa si kweli.

Tuliomaliza vyuo vya dini tulifundishwa mlango wa khiyari, na aibu yetu ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu hiyo. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, mnunuzi ana haki ya kurudisha kitu kwa aibu iliyokuwamo kabla ya kukipokea, na akiijua aibu arudishe bila kuchelewa. Ana haki pia kwa sharti waliloliweka wawili, lisilozidi siku tatu. Sisi sharti hatukuliweka, na siku mbili zilikwisha kwenda ndani ya basi. Na kadi isiyooana na mashine ya mnunuzi haina aibu, ikiwa muuzaji hakuahidi kwamba itaoana. Tulimwambia "kadi nzuri" naye akatupa kadi nzuri. Tungeirudisha kwa jina la ubovu, yeye angeitupa au angemrudishia aliyemuuzia, na hasara ingetembea kutoka mkono hadi mkono kwa sababu ya neno letu.

Mjumbe wetu hakuwa mtu wa uongo. Aliona kitu hakifanyi kazi, akakiita kibovu, kama ambavyo wengi wetu tunavyofanya kila siku. Lakini baada ya kulisoma boksi, kunyamaza kungekuwa uongo, na huo ungekuwa wetu sisi.

Wapo waliosema tunyamaze, kwa hoja kwamba mali ya waqfu lazima ilindwe na kwamba taarifa inatakiwa ifike. Hoja ya pili ilivunjwa na binti wa darasa la juu la madrasa, aliyetuuliza kwa heshima kwa nini hatuunganishi simu kwa waya wa USB na kuruhusu kompyuta itumie mtandao wake. Tukafanya, taarifa ikaenda Dar es Salaam kwa dakika chache, kadi ikiwa bado katika boksi. (Baadhi ya wazee walicheka sana. Sisi tuliokwisha saini hati ya malipo hatukucheka kiasi hicho.) Hoja ya kwanza ilikuwa nzito zaidi, na jawabu tuliloliona ni kwamba waqfu haulindwi kwa mali ya mtu mwingine.

Tukampigia muuzaji. Tukamwambia: kadi yako si mbovu, sisi hatukukuuliza wala hatukukueleza mfumo wetu, na mwenzetu alikuambia "mbovu" kabla hatujasoma boksi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ustadh, hapo mnatumia Windows gani?" Tukamjibu. Akasema, "Mngeniambia tangu mwanzo, ningewapa nyingine. Ileteni tu, nitawabadilishia."

Kwa kauli ile alikubali kile ambacho wanachuoni wanakiita iqala, yaani kuutengua mauzo kwa ridhaa ingawa hakuna aibu. Kumkubalia mwenzako aliyejuta katika biashara ni jambo lenye ahadi ya malipo makubwa katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Ibn Majah. Alikuwa na haki ya kukataa. Tofauti ya hali hizo mbili ni kwamba mara ya kwanza tulikuwa tunachukua haki ambayo si yetu, na mara ya pili tulikuwa tunapokea hisani.

Hata hivyo kadi hatukuirudisha. Fundi wa Masasi alitutaka tungoje siku moja. Alitueleza kwamba prosesa yetu yenyewe ni ya biti 64, ni mfumo uliowekwa ndio wa biti 32, hivyo mlango haujafungwa. Njia ya kwanza ilikuwa kuhamia Windows 10 ya biti 64. Lakini skana yetu kiendeshi chake kipo kwa biti 32 peke yake, nasi tungepata mtandao tukapoteza skana. Tena Windows 10 nayo muda wake wa kuhudumiwa bure kwa kawaida umekwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Njia ya pili ilikuwa kubaki na Windows 7 na kununua kadi ya zamani zaidi. Fundi hakuipenda. Windows 7 iliachwa na watengenezaji wake tangu tarehe 14 Januari 2020, na kuitoa nje katika mtandao ikiwa imebeba hesabu za waqfu ni sawa na kuacha ghala la korosho wazi usiku.

Njia ya tatu aliionyesha badala ya kuieleza. Aliwasha kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, ambao ni mfumo wa Linux usiouzwa, bila kuweka chochote katika diski. Tukaona kadi ikitambuliwa yenyewe, na jina la mtandao wa simu ya mwalimu likatokea kwenye kioo. Hiyo ndiyo njia bora ya kujaribu utangamano tunayoijua: kabla ya kufuta, kuhamisha au kununua, washa kwa flashi utazame. Baada ya kuhakikisha nakala zetu zinafunguka, aligawa diski mafungu mawili. Mashine ikiwaka sasa huuliza: Windows 7 au Ubuntu? Hesabu na skana vinakaa upande wa Windows 7, na kwa kuwa kadi ya Wi-Fi haifanyi kazi huko, upande huo hautoki nje maadamu hatuuchomekei waya wa simu. Barua, darsa za kusikiliza na taarifa za kutuma vinakaa upande wa pili. Ule upungufu tulioupigia kelele umekuwa kinga.

Mweka hazina hakufurahi mara moja. Majedwali yake yalipofunguliwa upande wa Ubuntu, upana wa safu ulibadilika na mistari miwili ya rangi ikapotea, naye akasema anabaki kwake Windows. Tumemwacha. Alitukumbusha pia kwamba mwaka 1974 Serikali iliwahi kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na kwa uso wake hatukujua kama anasikitika au anatamani.

Kwa makatibu wenzetu mtakaonunua kadi yoyote, iwe ya mtandao, ya sauti au ya picha: mpigieni muuzaji mkiwa mmekaa mbele ya mashine yenyewe. Msomeeni jina la mfumo na kama ni biti 32 au 64, mpelekeeni picha ya sloti zilizo wazi na ya kasha kwa ubavu ili aone urefu wa bamba. Kadi ya picha huongeza swali la umeme, maana makasha membamba yana pawa saplai ndogo. Kisha wekeni sharti la kurudisha kwa maneno ya wazi, na kwa kuwa siku tatu huenda zikaishia njiani baina ya Kariakoo na Masasi, mwambieni aweke ahadi juu ya kufaa kwenyewe, kwamba kadi hii inafaa mashine hii. Akiahidi na isifae, hapo mna haki.

Jambo moja lilibaki bila kukamilika. Kadi ile ina Bluetooth pia, nayo huhitaji waya wa kuunganishwa katika pini tisa za USB ndani ya madabodi. Kompyuta yetu ina seti moja tu ya pini hizo, na imekaliwa na matundu ya USB ya mbele, ambayo mweka hazina huchomekea flashi zake. Tuliuweka waya huo katika bahasha pamoja na bamba refu na kadi ya printa, tukaifungia kabatini. Katika kumbukumbu za kikao tulilipiga mstari neno "mbovu", tukaandika juu yake "nzima, imefungwa", na aliyempigia simu muuzaji akatia saini pembeni pamoja nasi.

Wabillahi tawfiq.